Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Sura ya 33

Kwa: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33 ya Sheria za Tanzania

YAH: JALADA NALO LIAPE

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ukoo wako tunaujua. Ulitungwa mwaka 1966, ukarithi karibu kila kitu kwa sheria ya India ya mwaka 1908, na tangu hapo umekuwa mlezi wetu sisi tunaodaiana. Siandiki kukulaumu. Naandika kukushukuru, kisha nina ombi moja.

Dai langu ni bei ya mbao. Mdaiwa hajakana kwamba alizichukua, na hata akikana, paa lake linaonekana tangu barabarani. Ila mbao zenyewe hazijazungumzwa mahakamani. Kinachozungumzwa ni pingamizi la awali la wakili wake: kwamba mahali iliposainiwa hati yangu ya madai pametajwa, lakini hapakutajwa panapostahili kutajwa. Mwaka 1969, katika kesi maarufu ya Mukisa Biscuit, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema pingamizi la awali liwe hoja tupu ya sheria, tena ikalalamika kwamba mapingamizi yanaletwa ovyo na kuongeza gharama. Mawakili wote wanaikariri kesi hiyo. Wanaikariri kwa ufasaha zaidi wanapoleta pingamizi la aina ileile iliyokemewa.

Usidhani nachoka. Siku ya kutajwa kesi nawahi mapema, nasimama kwenye dirisha la masjala. Ndani, majalada yamefungwa kwa kamba, mengine yamepanda hadi usawa wa dirisha. Karani anashusha kidole juu ya migongo yao, anafika chini, anaanza tena juu. "Jalada liko kwa mheshimiwa." Kwa mheshimiwa tunaambiwa liko masjala. Basi tunapewa tarehe nyingine, naiandika nyuma ya risiti ya nauli, tunaagana kwa adabu na mdaiwa, ambaye siku hizi tunapanda naye daladala moja.

Na hii ndiyo njia ya kasi. Kanuni zako zinapanga mashauri katika njia nne za kasi, ya kwanza miezi 10, ya mwisho 24. Aliyebuni jina hilo alikuwa mtu wa utani, Mungu amlipe.

Lakini shukrani zangu za dhati ni kwa namna unavyogawa adhabu. Mtu akishindwa kesi, anataka kukata rufaa, na rufaa lazima iambatane na tuzo. Tuzo inaandikwa na mahakama. Umeagiza iwe na tarehe ileile ya hukumu na isainiwe na jaji au hakimu aliyeitoa. Sasa ikitokea mahakama ikaiandika tarehe nyingine, au ikasainiwa na msajili badala ya jaji, nani aadhibiwe? Mkata rufaa, bila shaka! Kuna rufaa zilizofutwa kwa kosa hilo, na waliozipoteza hawakuwahi kuishika kalamu iliyokosea.

Binamu zako, Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, wamekuzidi ustadi. Wanatoa siku 60 za kuwasilisha rufaa baada ya taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Kwa kuwa nakala za mwenendo hutoka zinapojisikia, Msajili hutoa cheti cha kuziondoa siku za kusubiri. Cheti hicho kikikosewa tarehe, rufaa huwa nje ya muda. Yaani cheti cha kuthibitisha kwamba mahakama ilichelewa kimewahi kuwa ushahidi kwamba aliyechelewa ni mwananchi.

Najua utanionyesha Ibara ya 107A ya Katiba, inayotaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Utanikumbusha pia kwamba mwaka 2018 Bunge lilikuongezea kifungu cha lengo kuu, ambacho mawakili wanakiita kanuni ya oksijeni. Tumeipokea kwa mikono miwili. Baadhi ya makosa sasa yanarekebishika. Lakini mwaka uleule Mahakama ya Rufani ikaonya kwamba oksijeni hiyo isitumike kiholela kuruka taratibu za lazima. Mgonjwa apewe hewa, mradi awe amejaza fomu.

Sasa ombi. Shauri likifutwa na muda ukapita, mwananchi huomba kuongezewa muda, na hapo sharti aeleze kila siku aliyochelewa, hata kama ni moja, chini ya kiapo. Sharti zuri. Linafundisha uwajibikaji, na mimi naliheshimu kiasi cha kutaka lisiwe letu peke yetu.

Naomba jalada nalo liape. Lieleze, siku kwa siku, lilikuwa wapi tangu lilipofunguliwa: siku za udhuru wa mheshimiwa, siku za semina, siku lilipokuwa safarini kati ya vyumba viwili vinavyotazamana. Lisiseme "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu", maana sisi tukisema hivyo tunaulizwa vielelezo. Na kiapo hicho kitaje tarehe na mahali kilipoapiwa, kama sheria inavyotaka. Kikikosa hayo, nitaleta pingamizi la awali.

Wako mtiifu,

Mdai wa bei ya mbao

Nakala: Mdaiwa (nitampa kwenye daladala)