Barua ya Jua

Huku Uingereza, jua likitoka siku tatu mfululizo, mwenye nyumba hukukumbuka. Bomba la jikoni linavuja tangu Novemba, naye kimya. Leo barua imefika: usichome nyama roshanini, mwaga maji ya kibwawa cha plastiki watoto wakimaliza kucheza, funga mapazia mchana, usiache dirisha wazi ukitoka. Dirisha lipi, jamani? Langu limegoma kufunguka tangu nihamie. Na kibwawa nikiweke wapi? Bustani yangu ni vyungu viwili vya mnanaa.

Si kwamba joto ni mzaha: Julai 2022 lilifika nyuzi 40.3 kule Coningsby, na nyumba nyingi za huku zilijengwa kulihifadhi, si kulitoa. Ila mkaa ninaokatazwa niliununua Jumamosi. Kabla sijawasha kiberiti, mvua.