Namna ya Kuishi na Mbwa Aliyezaliwa Kumkabili Simba

Umemwona mahali, labda nyuma ya geti huko Karen au Njiro: mbwa mrefu, kifua kipana, rangi ya ngano iliyokomaa, na mgongoni mstari wa manyoya yaliyoota kuelekea kichwani wakati mengine yote yanaelekea mkiani. Anaitwa Rhodesian Ridgeback. Tangu siku hiyo hujapata usingizi, umeshamchagulia jina, na jina lenyewe ni Simba. Basi kaa tuzungumze kabla hujatoa pesa, kwa sababu mbwa huyu ni mwema kuliko unavyodhani na ana madai mengi kuliko ulivyoambiwa.

Anza kwa kujua alitengenezwa kwa kazi gani. Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walikuwa na mbwa wenye mstari ule mgongoni kabla walowezi hawajafika na mbwa wao wakubwa kutoka Ulaya, na damu hizo zikachanganyika. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm aliishi Hope Fountain, karibu na Bulawayo ya leo nchini Zimbabwe, akiwa na mbwa wake. Mwindaji Cornelius van Rooyen akawapandisha na wa kwake, akapata uzao aliokwenda nao porini. Mwaka 1922, hapo hapo Bulawayo, Francis Barnes aliwakutanisha wafugaji wakaandika sifa za mbwa huyu, na kielelezo walichokiazima kilikuwa kile cha mbwa wa Dalmatian. Dume anatakiwa awe na kimo cha sentimita 63 hadi 69 begani na uzito wa kilo 36 na nusu hivi. Jike hufika kilo 32.

Kazi yao haikuwa kumuua simba, maana hakuna mbwa wa kufanya hivyo. Walimfuata, wakamzunguka, wakamchokoza na kumkwepa, wakamzuia pale pale mpaka mwenye bunduki afike. Mwenye bunduki alikuwa nyuma, mbali, kwa hiyo mbwa alilazimika kukimbia siku nzima juani na kujiamulia mwenyewe. Ukilishika hilo umeelewa nusu ya mambo yatakayotokea nyumbani kwako.

Sasa mtazame kwenye kiwanja chako. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwindi bila kibali. Simba hayupo. Waliopo ni nguchiro, kenge, ngedere wanaoshuka kwenye mparachichi, kuku wa jirani na paka wa mwenye nyumba. Mbwa wako atawapandisha cheo wote wawe simba, na siku ambayo hakuna hata mmoja, bodaboda atafaa.

Kwa hiyo jenga ukuta. Ua wa michongoma unapendeza, lakini kwake ni mlango wenye miiba. Ukuta wa futi sita unatosha kwa wengi, mradi usiegemeze pipa, tofali wala kibanda cha kuku upande wa ndani, kwa kuwa ataviona kuwa ngazi kabla yako. Geti lifungwe kwa komeo, na kila mtu wa nyumbani, kuanzia bibi hadi mtoto wa darasa la kwanza, ajue kulifunga. Vitasa vya kubonyeza ni jambo jingine: mbwa wa kimo hiki hujifunza kuvifungua kwa mguu, na jikoni ndiko atakakofanyia mazoezi.

Baada ya ukuta, uamke. Saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe barabarani naye, kamba mkononi, raba miguuni. Mbwa mzima wa uzao huu anahitaji walau saa moja ya mwendo wa kweli kila siku, na mbili zikipatikana ni bora zaidi. Nasema mwendo wa kweli. Kumfungulia azunguke uani hakuhesabiki. Uani ni chumbani kwake, anakujua kila pembe. Alfajiri na jioni ndizo saa zake, kwa sababu mbwa hatoi jasho mwilini kama wewe; hujipoza kwa kuhema, na lami ya saa saba mchana huunguza nyayo. Weka kiganja chako juu ya lami: ukishindwa kukiacha hapo, na yeye hawezi kuitembea. Mtoto wa mbwa usimkimbize masafa marefu wala kumrusharusha ngazini mpaka akaribie mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa mifupa yake mizito bado inajengeka, na nyonga za uzao huu zina historia ya kusumbua.

Usipomtembeza, hatakasirika. Atajitafutia kazi. Atachimba bustani mpaka alifikie bomba la maji, atavua nguo kwenye kamba moja baada ya nyingine, atautoa sufi mto wa sebuleni na kukungojea mlangoni akiwa na uso wa furaha kamili, maana anaamini amefanya kazi nzuri. Tafadhali usimpige. Mbwa huyu ana moyo mwepisi ndani ya mwili mkubwa; akipigwa ananuna, anaacha kukuamini, na kesho ukimwita anakutazama kwa mbali. Mfundishe kwa kipande cha nyama, kwa dakika chache mara nyingi, akiwa bado mdogo na kilo zake hazijakuzidi nguvu. Halafu nyumba nzima ikubaliane maneno. Baba akisema "kaa," mama "keti," na mjomba aliyekuja likizo "sit," mbwa atachagua anayempendeza, na mara nyingi hatapendezwa na hata moja.

Kuhusu kochi, mpe moja mapema. Atalipata hata hivyo, kwa hiyo wewe jichagulie lipi libaki lako. Wengi hushangaa kuona mnyama wa simba analala saa nyingi za mchana, miguu juu, akikoroma, akitaka mgongo wake uguse mguu wa mtu. Hiyo ndiyo tabia yake nzuri kuliko zote. Akishakimbia, hana neno. Habweki ovyo, na ndiyo maana kibao chako cha "Mbwa Kali" kitafanya kelele kuliko yeye. Mgeni hamrukii kwa furaha; humtazama, hunusa, husubiri aone wewe unamchukuliaje. Kwa mwenye nyumba anayetaka ulinzi, utulivu huo una thamani kuliko kubweka usiku kucha.

Meza yako, hata hivyo, iko usawa wa pua yake. Chochote kilichoachwa kipoe ni chake kwa mujibu wa sheria za porini: sufuria ya nyama, chapati chini ya kawa, sinia ya futari. Funika, inua, funga mlango. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyotoboa utumbo, hasa ya kuku, kwa hiyo sahau ile desturi ya kumkusanyia mabaki ya harusi.

Hapa niseme kwa uzito. Kuna mazoea ya kusema unga ulioharibika "utafaa kwa mbwa." Haufai. Mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao hudhurika nayo upesi sana. Unga usioupikia watoto usimpikie mbwa. Ugali wa unga safi uliochanganywa na dagaa waliooshwa chumvi na mchanga, utumbo wa ng'ombe au nyama ya kichwa, utamsaidia kupunguza gharama, lakini ugali mtupu haumjengi mbwa wa kilo 36. Mgawie chakula mara mbili kwa siku, na asikimbie akiwa ameshiba. Mbwa wenye kifua kirefu kama chake hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujisokota. Likivimba ghafla, akawa anajaribu kutapika bila kutoa kitu na hatulii, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Asubuhi utakuwa umechelewa.

Kupe ni adui anayestahili heshima kuliko simba. Manyoya yake mafupi yanakurahisishia kazi: kila mkitoka majanini pitisha vidole ndani ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, kwapani na chini ya mkia. Tumia dawa ya kuzuia kupe bila kuruka miezi, maana nchi zetu hazina majira ya baridi ya kuwapunguza. Ukiona amekataa chakula, fizi zimepauka au mkojo umekuwa wa kahawia, usianze kumtafutia majani ya kienyeji. Ni homa ya kupe mpaka daktari aseme vinginevyo, na ikiwahiwa hutibika.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Aanze akiwa na miezi mitatu, arudie kila mwaka, na kadi ikae mahali unapoiona. Mtu yeyote akiumwa na mbwa, hata wako mpole, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili karibu kila mgonjwa hufa. Na ukiwa kwa daktari kwa ajili ya mbwa wako, mchukue na yule mbwa wa mtaani anayelala nje ya geti lako. Sindano yake inakulinda wewe na watoto wa jirani sawasawa.

Majirani wanahitaji sura yao. Unapopita mtaani na mnyama huyu, watu wengine watavuka barabara, watoto watapiga kelele, na wana haki. Vuta kamba fupi, msimamishe pembeni akae, wasalimie wazee shikamoo kama kawaida, waache wapite kwanza. Usiseme "haumi huyu." Hakuna aliyewahi kutulizwa na neno hilo.

Pwani, na popote penye majirani Waislamu, zingatia zaidi. Aya ya 4 ya sura ya Al-Maida inahalalisha alichokamata mnyama wa kuwinda aliyefundishwa, na kumfuga mbwa kwa ajili ya kuwinda, mifugo au shamba kunajulikana katika fikihi. Lakini kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Jirani yako aliyekwisha kutawadha hafanyi maringo akirudi nyuma. Anayebisha hodi asikie kwanza sauti ya mlango wa mbwa ukifungwa. Siku ya Idi mfunge chumba cha nyuma na mfupa mbichi mkubwa, na sahani anayolia isiingie kamwe kwenye vyombo vya watu. Nimeona ujirani wa miaka mingi ukitunzwa kwa mambo madogo kama hayo.

Ushauri mmoja utaupata kila kona: ukitaka awe mkali, mfungie kibandani mchana kutwa, mlishe pilipili, mfungulie usiku. Ukatae. Pilipili humuumiza tumbo tu. Kufungiwa hakumfanyi awe mlinzi. Humfanya awe mwoga asiyemjua mtu, na mbwa mwoga wa kilo 36 humuuma wa kwanza kukaribia, ambaye kwa kawaida ni mtoto au dada wa kazi anayempelekea chakula. Mlinzi mzuri ni mbwa anayewajua watu wa nyumbani, aliyezoea wageni, pikipiki, mvua na kelele za mtaa tangu akiwa mdogo, kwa hiyo anatambua siku ambayo jambo haliko sawa. Kama huna saa ya kumtembeza, kama ni wa kukaa mnyororoni miaka 10 au 12 atakayoishi, mwache. Ni ukatili, na hakuna ukuta wala gari la kulindwa linalouhalalisha.

Suala la kununua nimeliacha mwisho makusudi, maana aliyesoma mpaka hapa na bado anamtaka ndiye ninayetaka kumwelekeza. Usizuzuliwe na mstari wa mgongoni. Zamani watoto waliozaliwa bila mstari waliuawa, ingawa walikuwa wazima. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba mabadiliko ya kijenetiki yanayoleta mstari ndiyo yanayoelekeza pia kwenye kasoro ya ngozi iitwayo demoidi sainasi, kijitundu kwenye mstari wa katikati ya shingo au mgongo kinachoweza kuingia ndani hadi karibu na uti na kutunga usaha. Asiye na mstari ana uwezekano mdogo sana wa kuipata, na mara nyingi bei yake ni ndogo. Akiwa na mstari, mwombe daktari ampapase kuanzia kisogoni hadi mkiani kabla hujalipa.

Kisha omba kumwona mama yake. Mtazame anavyokaa na watu, anavyokupokea, mahali anapolala. Ukikuta amefungwa mnyororo mfupi, anatetemeka au anataka kukurarua, au ukiambiwa kwamba leo haonekani, rudi nyumbani na pesa zako.