Ombi Lisilojua Kwao

Wenye Java wana adabu zao. Ombi likitoka kwenye kivinjari, mara nyingine servleti ya kwanza, yaani programu ndogo inayopokea maombi, hailimalizi. Hulisukuma kwa ya pili, kwa forward au kwa include, nayo ikaendelea na yake. Kasheshe ni pale ya ndani inapotaka kujua mtumiaji aliomba nini hasa.

Kama imefikiwa kwa forward, getRequestURI() huitajia anwani yake yenyewe. Anwani ya mtumiaji imewekwa kwenye sifa iliyoitwa zamani javax.servlet.forward.request_uri. Kama imefikiwa kwa include, kibao kinageuka: inatajiwa anwani ya mtumiaji, na yake yenyewe ndiyo ya kutafutwa, kwenye iliyoitwa javax.servlet.include.request_uri. Yaani mtoto mmoja anajijua ila hamjui baba. Nduguye anamjua baba ila hajijui. Na wote wamelelewa nyumba moja!

Watu wakakariri hivyo hivyo. Mwaka 2020 ikaja Jakarta EE 9, javax ikageuzwa jakarta, maana Oracle haikuruhusu jina la zamani liendelezwe. Mafundi wakabadilisha import zote, programu ikakubali, wakapongezana. Jina la sifa lililojificha ndani ya alama za nukuu likabaki lilivyo, na kila likiulizwa hujibu null, kwa upole kabisa, bila hata kosa moja kwenye logi.

Dawa ipo tangu Servlet 3.0 ya mwaka 2009: badala ya jina la nukuu, tumia konstanti RequestDispatcher.FORWARD_REQUEST_URI. Imeandikwa wazi kwenye nyaraka, mahali salama kuliko pote pa kumficha fundi kitu.