Jinsi ya Kuwa Mmarekani Bila Kuwa Raia wa Marekani

Anza kwa kuchagua vizuri mahali pa kuzaliwa, maana hapa ndipo wengi huzembea. Ukizaliwa Muhimbili, Dar es Salaam, na wazazi raia wa Marekani waliowahi kuishi kwao, umeshaharibu: utakuwa raia toka siku ya kwanza. Kinachotakiwa ni uzaliwe Pago Pago, Samoa ya Marekani, na wazazi wenyeji wa hapo. Bendera ya Marekani inapepea huko tangu 1900 na vijana wa visiwani wanaingia jeshini kwa wingi. Hata hivyo, pasipoti utakayopewa, ya Marekani kabisa, itamweleza afisa uhamiaji kwamba mwenye hati hii ni wa taifa la Marekani ila si raia wake. Akishangaa, mwache ashangae.

Sasa kura. Visiwani mna katiba yenu, ya 1960, ikarekebishwa 1967. Ukifikisha miaka 18 unamchagua gavana (tangu 1977, kabla ya hapo mlikuwa mnaletewa) na wabunge 20 wa baraza la chini la Fono, yaani bunge la visiwani. Useneta ni habari nyingine. Maseneta ni 18, na wananchi hawapangi foleni kwa ajili yao: huchaguliwa na mabaraza ya kaunti kwa kufuata mila. Ukiutaka, uwe umetimiza miaka 30 na uwe matai, yaani mkuu wa ukoo aliyesajiliwa na anayetimiza wajibu wake kwa mujibu wa mila. Kwa hiyo usitupe fedha kwenye fulana na kofia za kampeni. Hudhuria misiba, changia harusi, nyamaza wazee wanaposema.

Wenye haraka wajaribu Kisiwa cha Swains, kimojawapo cha visiwa hivyo. Katiba inawapa wakazi wake mjumbe katika Fono mwenye haki zote za mbunge, isipokuwa kupiga kura. Ushindani si mkali: sensa ya 2020 haikumkuta mkazi hata mmoja. Ukidhani mjumbe wa namna hiyo ni kichekesho cha kisiwani, tazama Washington. Samoa ya Marekani nzima ina mjumbe mmoja katika Baraza la Wawakilishi. Anahutubia, anakaa kwenye kamati, na muswada ukifika kwenye kura ya mwisho anawatazama wenzake.

Rais humchagui, ila chama kitakuruhusu kuchagua mgombea. Machi 2024, Wademokrati wa visiwani walimpa Jason Palmer, mfanyabiashara ambaye Wamarekani wengi hawajapata kumsikia, kura 51. Joe Biden, rais aliyekuwa madarakani, aliambulia 40. Novemba ilipofika, Marekani ikachagua rais wake bila wao.

Ukichoka na hali hiyo, hamia jimbo mojawapo la Marekani, lipa ada, fanya mtihani wa Kiingereza na wa uraia, ule kiapo. Utapiga kura ya rais hadi siku utakaporudi kuishi Pago Pago, kwani huko haipo. Ukikumbuka nyumbani, afadhali uhamie Dar es Salaam: Mmarekani aliyetoka jimboni akaishi Tanzania anaendelea kupiga kura kwa posta.

Njia ya mahakama imeshajaribiwa. Wasamoa waishio Utah walishtaki, na 2019 jaji akaamua kwamba wao ni raia. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikatengua, na 2022 Mahakama ya Juu ikakataa hata kuwasikiliza. Waliopinga uraia huo hawakuwa wakubwa wa Washington peke yao. Serikali ya Samoa ya Marekani yenyewe ilisimama mahakamani kuukataa. Inahofia kwamba uraia ukija na sheria zake zote, ardhi ya ukoo na cheo cha matai vitatikiswa. Anayewacheka awaulize kwanza wenyeji wa Hawaii ardhi yao ilikwenda wapi.

Hofu hiyo naielewa. Nisichokielewa ni kwa nini Msamoa anayelipa kodi Salt Lake City anyimwe hata kura ya diwani wa mtaa wake, eti shamba la ukoo kule kisiwani Tutuila, Samoa ya Marekani, lisije likauzwa.