Karibu Ukae, Ufungwe: Mwongozo wa Mgeni wa Kariakoo

Mgeni, umeshuka mwendokasi pale Gerezani, mzigo wako unafungashwa, basi la mkoani ni jioni. Una saa tatu ambazo huna kazi nazo. Usihangaike, Kariakoo haikosi mtu wa kuzitumia. Kata mtaa wowote kati ya Swahili, Sikukuu na Narung'ombe, utakuta watu saba chini ya ngazi za ghorofa wameinamia ubao. Wanaocheza ni wawili. Watano waliobaki ndio watakaokufunga.

Lakini kwanza tutenganishe mchezo na msiba. Ukiona katoni limepinduliwa, juu yake karata tatu, na kijana anazizungusha huku akihimiza watu waweke pesa, huo si mchezo. Pembeni atakuwepo mama mwenye kikapu aliyeshinda mara mbili mfululizo. Mama huyo yuko kazini. Kijana wa begi mgongoni anayekunong'oneza kwamba karata yenyewe imekunjwa kona yuko kazini pia. Hata atakayepiga kelele "Polisi!" mara tu ukishaweka pesa ana mgawo wake. Mwongozo huu hauna ushauri wa kiufundi kuhusu karata tatu, kwa kuwa upande wako haudaiwi ufundi wowote zaidi ya kuwa na pochi. Pita.

Drafti ndiyo mtego wa kweli, kwa sababu unaijua. Uliicheza shuleni kwa vizibo vya soda, 12 vimetazama juu, 12 vimelala kifudifudi, na mtaani kwenu ulikuwa tishio. Hapa mpinzani wako ni mzee wa baraghashia na kandambili, anayeangalia barabara badala ya ubao. Utamwamkia, "Shikamoo mzee." Atakujibu, "Marahaba mwanangu, kaa." Hapo mchezo umekwisha, kilichobaki ni kusogeza vizibo.

Atakupa kete ya bure. Kula ni lazima, na isitoshe ulikuwa unaitamani. Utakula. Atakupa ya pili, utakula, na utajiuliza mbona kijiwe kimenyamaza. Kisha mzee ataondoa macho barabarani, aruke tatu kwa mpigo, ta-ta-ta, atue mstari wako wa nyuma na kuomba kizibo cha kupandisha juu. Kingi. Na kingi wa huku hatembei hatua moja moja kama muungwana. Anakatiza ubao mzima, pembe hadi pembe. Kete zako zilizosalia zitatafuta ukuta wa kujibanza, na kuta zote zitakuwa na mwenyewe.

Sasa wale watano. Sheria ya benchi ni kwamba anayefungwa anapisha, kwa hiyo kila mshauri wako yuko kwenye foleni ya kiti chako. Hilo halimzuii kukushauri, ndilo linalomtuma. Ushauri wa uongo utakuja mapema, kwa sauti ya upole. Ushauri wa kweli utatolewa kidole chako kikishaachia kete: "Aaah, bosi! Si ungepita huku?" Na ukijaribu kutulia upige hesabu, mmoja ataleta habari za Simba na Yanga, akuulize ipi kubwa. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, makao ya Simba yako papo hapo Msimbazi, ya Yanga hayako mbali, Jangwani. Hakuna jibu lisilo na adui. Sema unashabikia Coastal Union ya Tanga. Watakuhurumia, watakuacha.

Kwenye bao naomba usikae kabisa. Mashimo 32, kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, na 22 mkononi. Mpaka hapo utadhani unaelewa. Kisha fundi ataingiza kete moja, ale zilizo upande wa pili, aanze kuzitawanya kutoka kichwani. Komwe ya mwisho itaangukia shimo lenye wenzake, atazoa tena, aendelee, shimo kwa shimo, mkono haukai. Usiutazame mkono, tazama watu. Watakuwa wameshaguna na kucheka kabla komwe ya mwisho haijatua, maana walishaona itakapotua, na wewe bado uko shimo la tatu. Kete za mkononi zikiisha mnaingia kwenye mtaji, na safu yako ya mbele ikibaki tupu utaambiwa neno moja tu: hamna. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao. Mholanzi Alex de Voogt aliandika tasnifu ya uzamivu kuhusu mafundi wa bao, Leiden, 1995. Wewe una basi la jioni. Agiza kahawa chungu na kashata, utazame.

Ukishindwa kujizuia, nenda kwenye karata, ambako angalau unafungwa pamoja na mwenzako. Wahedi wa sitini ina pointi 120, ukifika 61 umeshinda. Ree ni 11, saba ni 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Ndiyo, saba ina thamani kuliko wazungu wote, na Wareno walioacha turufu na kopa kwenye pwani hii walitimuliwa Fort Jesus mwaka 1698, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza. Hatari iko kwa huyo mwenzako. Anakumbuka kila karata iliyochezwa tangu adhuhuri. Ukiirusha ree wakati turufu bado zimo mikononi mwa watu, hatakutukana. Atakuuliza taratibu umetokea mkoa gani.

Dhumna ina vipande 28 na kelele za vipande 280. Shika kikombe chako mkononi, usikiweke mezani. Keram itakuumiza kucha, basi.

Utasema heri ununue ludo, ukacheze na familia yako, huko hakuna fundi. Kumbuka basi kwamba mtoto wa miaka sita hutoa sita kila akitaka, kwamba shemeji huhesabu tano kwa hatua saba, na kwamba kete ya mama mkwe hailiwi, hata ikisimama mbele yako ikikuomba. Mbao zinauzwa na wamachinga Mtaa wa Kongo, nyingi zikiwa na nyoka na ngazi upande wa nyuma. Kete za ludo ni 16, nne kwa kila rangi, na dadu. Zihesabu palepale mbele ya muuzaji, kabla hujatoa pesa.