Kuku wa Kienyeji Sawa, Mti wa Kienyeji Hapana

Singida ukimuuzia mtu kuku wa kisasa ukamwambia ni wa kienyeji, mtafikishana kwa mjumbe. Abiria wa Dar es Salaam hushuka stendi, akabonyeza kidari, akakagua miguu, akauliza kama kweli huyu amekulia kijijini, halafu akalipa bei bila kununa. Kwa kuku, kienyeji ni sifa. Kwa mti, hapa kwetu Mandewa, kienyeji ni tusi.

Mimi nina mkole mbele ya nyumba. Sikuupanda. Ulikuwapo kabla kiwanja hakijapimwa, mafundi wa msingi wakaukata, na mvua za Desemba zilipoanza kisiki kikachipua kwa hasira. Nikakiacha. Hapo ndipo kesi yangu ilipoanzia.

“Baba, kichaka mlangoni! Unafuga nyoka?” Huyo ni jirani wa kulia, mwenye mwarobaini kutoka India. Wa kushoto ana mkrismasi, asili yake Madagaska. Wa ng’ambo ya barabara ana miashoki, nayo ya India, na ikifika Septemba kila mti unadai ndoo yake ya maji. Mkole wangu haujaomba hata kikombe. Lakini anayeulizwa kitambulisho ni nani? Mzawa.

Kupanda nako kwetu kuna mambo yake. Siku ya kitaifa ya kupanda miti ni Aprili 1, wakati mvua zetu za msimu mmoja zimeshaanza kufungasha virago, na Mandewa hii ukichimba shimo unagonga jabali. Kisiki kina mizizi tayari, kimeshamalizana na mawe zamani. Kwa hiyo nikafuata utaratibu wa Kisiki Hai uliosambazwa sana Dodoma: unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogoa mengine, unafunga kitambaa kiwe alama, kisha unalinda. Mbinu hii aliisambaza Tony Rinaudo, Mwaustralia, kule Niger miaka ya 1980. Sijui Waniger walimwambia nini kuhusu vitambaa. Mimi nilifunga chekundu, na kesho yake wapangaji wa jirani wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mjumbe akaja, akakaa, akamaliza chai yote, ndipo akauliza taratibu: “Mzee, kile kitambaa ni cha nini?” Nikabadilisha, nikafunga cha bluu. Wakasema nimeingia siasa.

Na mti wenyewe wala hauwatazami. Jani lake juu ni kijani, chini jeupe kama limepakwa unga; upepo wetu ukivuma mti mzima unageuka rangi mbele ya macho yako. Maua ni madogo ya njano, na nyuki wanayajua. Matunda yanatoka kijani, yanapita rangi ya chungwa, yanaishia meusi: nyama kiduchu, kokwa kubwa, utamu wa kukutania tu. Watoto wa yule mwenye mwarobaini wanashinda kwangu wakitema kokwa, na mama yao ananilaumu eti hawali ugali wa mchana. Mwarobaini si upo? Wakalambe majani.

Ila ninaochoka nao zaidi ni wale wanaousifu. Mmoja anataka mizizi ya dawa. Mwingine anataka kamba ya magome. Mbuzi hawasemi, wanakula. Juzi akapita mzee mmoja, akasimama, akavua kofia. “Mwanangu, umefanya jambo. Mkole!” Moyo ukanikunjuka, nikampa kiti, nikampa maji. Akazunguka shina kwa shina, akipapasa, akijaribu kupinda. “Fimbo ya mkole haivunjiki,” akasema, akaaga.

Asubuhi yake nimetoka na mswaki mdomoni, nakuta lile shina lililonyooka kuliko yote lina vitambaa viwili. Kimoja si changu.