Bi Spana Anajibu: Gari Lisilonguruma Kiembeni

Wiki hii barua zote ni za gari. Nilitarajia za wakwe, mashemeji na wenye nyumba. Kumbe nao wamo, wamepakiwa kiti cha nyuma.

*Bi Spana, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Kiembeni na mke na watoto watano, kazi yangu iko kisiwani Mombasa. Yadi moja nimeonyeshwa Toyota Aqua la haibridi, na dalali ameapa kwamba lita moja inakwenda kilomita 35. Mke wangu anataka Sienta. Nimsikilize nani? – Mwalimu wa Hesabu*

Marahaba, mwalimu. Tangu Oktoba 2023, petroli ilipopita shilingi 217 kwa lita Nairobi, kila mtu hapa mtaani amekuwa mhandisi. Tarehe 14 ya mwezi ikikaribia, wanaume wa barazani huingoja bei mpya ya mafuta ya EPRA kuliko wanavyoungoja mshahara. Kwa hivyo sikulaumu kwa kuuliza.

Hiyo 35 dalali hakuibuni. Aqua lilipotoka Japani Desemba 2011, karatasi zake zilisema kilomita 35.4 kwa lita. Lakini kipimo kile hufanyiwa ndani ya maabara, magurudumu yakizunguka juu ya mitambo, kiyoyozi kimezimwa, hakuna mtoto anayelia wala gunia la nazi la mama mkwe kutoka Kilifi. Hapa petu ukipata 20 na kiyoyozi kinapuliza, shukuru.

Cha kutazama ni njia unayopita. Gari la kawaida likisimama kwenye msongamano linaendelea kuchoma mafuta kwa kazi ya bure. Haibridi huzima injini. Likisogea taratibu linasukumwa na mota ya umeme, na ukikanyaga breki mota ileile hugeuka jenereta: nguvu ambayo ingepotea kuwa joto inarudi kwenye betri. Basi ile asubuhi yako ya Mtambo, Bombolulu, Lights, Kongowea hadi Daraja la Nyali, ambayo wewe waiita adhabu, ndiyo itakayolilipia gari. Mtu anayekwenda Voi kila siku kwa mwendo mmoja, barabara nyeupe, faida yake ni ndogo zaidi.

Sasa chukua chaki. Tuseme kwenda na kurudi ni kilomita 30. Gari la kilomita 12 kwa lita litakula lita mbili na nusu. La kilomita 20, lita moja na nusu. Umeokoa lita moja. Tuweke bei shilingi 180 ili hesabu isituumize: siku 26 za kazi ni shilingi 4,680 kwa mwezi. Ikiwa haibridi inauzwa laki mbili zaidi ya ndugu yake asiye na betri, utazirudisha baada ya miezi kama 43. Hapo sijahesabu safari za harusi.

Lakini mwalimu, watoto watano, mke na wewe ni saba. Aqua lina nafasi za watu watano. Sienta lina viti saba, na la haibridi lipo tangu 2015. Mkeo alishamaliza hesabu kabla dalali hajafungua mdomo.

*Bi Spana, mume wangu ameuza Probox, ameleta Nissan Note e-Power. Probox nilikuwa nalisikia tangu kona ya msikiti. Kufika langoni, chai iko mezani, udi umeshafukizwa na mimi nimejitengeneza. Siku hizi namwona mtu tu sebuleni. Juzi kanikuta kwenye kochi nimelala mdomo wazi. – Mama Udi*

Pole, shoga yangu. Gari hilo magurudumu yake huzungushwa na mota ya umeme peke yake. Injini ndogo iliyo mbele kazi yake ni kuzalisha umeme, na betri ikiwa imeshiba, injini inalala kama ulivyolala wewe. Ulaya waliona hatari ya ukimya huu: tangu Julai 2019 kila aina mpya ya gari la umeme au haibridi lazima itoe sauti ya kutengenezwa inapokwenda polepole. Sauti hizo, hata zikiwepo, hazitaishinda redio ya jirani yako.

Mwombe apige honi langoni. Moja tu, watoto wa watu wasiamke. Usimpigie simu, kwa sababu atapokea huku anaendesha.

Wala kinachonishughulisha si chai. Ni wale watoto wanaocheza mpira kichochoroni na mbuzi wasio na mwenyewe, ambao wote wamezoea kukimbia wanaposikia injini. Akiiacha lami, ashushe vioo na aende mwendo wa bi harusi. Kuhusu mdomo wazi, mmeoana. Angeuona tu siku moja.

*Bi Spana, mwenye nyumba ameniongezea shilingi 2,000 kwa mwezi. Adai nalichaji gari usiku kwa tokeni zake. Gari ni Axio la haibridi. – Mpangaji Asiyechaji*

Mwalike mchana kweupe. Fungua kifuniko cha mafuta, mwambie anuse. Axio halina pa kuchomeka waya. Betri yake hujazwa na injini na breki, basi. Yako mahaibridi yenye tundu la kuchajia, kuna hata Prius la namna hiyo, na pengine ndilo aliloliona kwenye simu ya mwanawe. Asiposadiki, mkabidhi waya wa umeme alizunguke gari atafute pa kuuchomeka. Akipaona, mlipe na za nyuma.

*Bi Spana, binamu yangu wa Maskati anataka kunipa Camry lake la haibridi bure, nigharamie meli tu. Nimeshanunua na pazia za madirisha. – Mwenye Bahati*

Pazia zitakufaa nyumbani. Oman wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hivyo usukani wa binamu yako uko kushoto, na Kenya hairuhusu gari la usukani wa kushoto kusajiliwa, isipokuwa yale ya kazi maalumu. Kisha kuna umri. Kwa masharti ya KEBS, shirika la viwango, gari la mtumba lisizidi miaka minane: linaloingia 2026 liwe limesajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Ndugu yetu huyu hakusema Camry ni la mwaka gani, na mtu anayetoa gari bure mara nyingi hasemi. Mwambie aliuze hukohuko, akutumie riali. Riali hazina usukani.

*Bi Spana, mume wangu yuko safarini na Aqua letu limekaa wiki tatu chini ya mwembe. Nikibonyeza kitufe, taa zinawaka kwa unyonge kisha kimya. Fundi wa mtaani amesema betri ya haibridi imekufa, ataka laki moja na nusu. Niuze bangili? – Mwenye Bangili*

Acha bangili mkononi, mwanangu, na fundi umwache kibarazani kwanza.

Gari lako lina betri mbili. Iko ndogo ya volti 12, sawa na ya gari lolote. Hiyo haisukumi gari, ila huziamsha kompyuta, na isipokuwa na nguvu neno READY kwenye dashibodi haliwaki hata ukeshe. Gari likikaa wiki kadhaa, alamu na vidude vingine huinyonya kidogo kidogo. Taa hafifu ni dalili yake. Katika Aqua imefichwa upande wa nyuma, chini ya kiti. Mwenye kipimo cha umeme ataijua hali yake kwa dakika chache: ikisoma karibu 12.5 ni nzima. Ikiwa chini ya 12 ina njaa, ichajiwe. Ikishindikana, mpya yake haifiki hata robo ya hiyo laki na nusu.

Betri kubwa ni habari nyingine. Ni ya volti 144, imeundwa kwa vipande 20 vilivyopangwa pamoja chini ya kiti cha nyuma, na adui yake ni joto, ambalo hapa Mombasa hatulinunui. Inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia kitundu chenye wavu pembeni mwa kiti hicho. Nenda kakitazame sasa hivi. Nimeona magari ambayo kitundu hicho kimezibwa na kanga, mchanga wa ufuo wa Pirates, makombo ya mahamri na soksi ya mtoto aliyekwisha kuingia sekondari. Feni ikikosa hewa, betri inapikika, halafu mnawalaumu Wajapani. Toa vitu, safisha wavu, na mwambie fundi aisafishe feni yenyewe kila mara gari likienda kubadilishwa oili.

Kabla hujalipa chochote, fundi achomeke kompyuta. Ikitoa namba P0A80, hapo mazungumzo ya betri kubwa yana msingi. Akikwambia atabadilisha kipande kimoja tu kilichochoka, muulize vile 19 vyenye umri uleule anavifanyaje. Mara nyingi utarudi kwake kabla mwaka haujaisha. Na nyaya za rangi ya chungwa asiziguse mtu ambaye hakusomea, hata akiwa mtoto wa shangazi yako. Hasa akiwa mtoto wa shangazi yako.

*Bi Spana, shemeji aliazima haibridi letu, akalirudisha tanki tupu. Eti gari hujitengenezea mafuta lenyewe. Leo amelitaka tena. – Dada wa Kwa Mume*

Mpe. Taa ya mafuta ikiwa imewaka, na usiongeze hata tone. Betri peke yake haimfikishi mbali. Akikupigia kutoka Mtwapa, mwambie atazame chini ya kiti, huenda mafuta yamejitengenezea huko.